Gomesi Aliyomshonea Mama

Watu wa kwetu walimwita mtu yule mchumba wangu. Nimezeeka sasa, na wengi waliomwita hivyo wamekwisha kuzikwa, lakini neno hilo likinijia ninapoosha vyombo huwa naweka kikombe chini, maana naweza kukivunja. Hakuwa mchumba wangu. Alikuwa mgonjwa wangu. Alipona nusu, akaanza kunifuata, na kwa karibu mwaka mzima sikumpata mtu hata mmoja, si daktari, si polisi, si mama aliyenizaa, wa kunisaidia kumwondoa nyuma yangu.

Nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili huko Tororo, miaka michache baada ya Uhuru. Kituo chetu kilikuwa kidogo, kando ya njia iendayo Rubongi, na kilibomolewa zamani, kwa hiyo usijisumbue kukitafuta. Palikuwa na wodi ya wanaume, wodi ya wanawake, jiko, na ukuta wa matofali uliozunguka vyote. Vumbi la kiwanda cha saruji lilitufikia upepo ukivuma upande wetu, shuka zikaanikwa nyeupe na kuanuliwa za kijivu. Wenzangu niliosoma nao, waliopangiwa wodi za wazazi, waliniuliza kama wazimu hauambukizi. Wakishauliza walicheka, na wakishacheka walisogeza viti vyao kando kidogo.

Mimi niliipenda kazi ile, na sisemi hivi kwa kujisifu. Nilipenda kumwona mtu aliyeletwa amefungwa kamba mikono na miguu, anatukana mbingu na ardhi, halafu asubuhi moja ananiuliza kwa adabu kama nina sindano na uzi, kifungo chake kimekatika. Siku kama hiyo nilikwenda kula nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Yeye aliletwa na kaka zake kutoka upande wa Mulanda. Alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi pale mjini. Alikuwa amekonda hadi mbavu zinaonekana, kwa sababu aliamini kila chakula kimetiwa sumu. Kwa wagonjwa wa namna hiyo tulikuwa na utaratibu wetu kituoni: muuguzi huonja kwanza. Unachukua kikombe cha uji, unakunywa mbele ya mgonjwa, unameza, unafungua mdomo aone umemeza kweli, kisha unampa kikombe hichohicho. Tulifundishwa hivyo, na tuliwafundisha hivyo waliotufuata. Nimewaonjea uji wazee wasio na meno, nimewaonjea wanawake waliotema kila kitu usoni pangu, nimemwonjea hata askari mmoja wa kambini aliyedhani mimi ni jini. Hakuna aliyetoka pale akidhani tumeoana.

Fundi alikunywa. Akaanza kula, akaanza kulala, zile sauti alizokuwa akizisikia zikapungua. Tulimpa shuka zilizochanika, akazishona vizuri kuliko zilivyokuwa mpya. Siku aliporuhusiwa nilimwagiza arudi kuchukua dawa zake, nikamtakia heri, na nikaingia ndani kumshughulikia mwingine.

Alianza kwa kusimama. Nilipotoka zamu nilimkuta ng'ambo ya barabara, shati limepigwa pasi, mikono nyuma. Nilimsalimu, maana ni ajabu gani mgonjwa kumsubiri muuguzi wake ili ashukuru? Kesho yake alikuwa pale tena. Nikimkuta sokoni, yuko kwenye nyanya, hanunui nyanya. Nikienda ibadani, yuko kwenye benchi la nyuma. Nikibadilishiwa zamu, naye anabadilisha saa zake, na mpaka leo sijui nani alikuwa akimpasha habari. Niliacha kumsalimu. Nikamwambia waziwazi aache kunifuata, yeye akatabasamu, akajibu, "Mimi nangoja tu, sista. Sina haraka."

Kisha nikakuta gauni mlangoni pangu, limefungwa kwenye gazeti. Sikulivaa. Nililiweka tu juu ya mwili wangu mbele ya kioo. Bega langu la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Nilizaliwa hivyo, na si jambo la kuonekana, hata mama hajawahi kulitaja. Lile gauni lilikuwa limeshushwa bega la kushoto. Mtu huyu hakuwahi kunipima kwa futi, hakuwahi kunigusa. Alikuwa amenitazama mgongoni siku baada ya siku mpaka akanijua bega. Nililitupa kwenye moto wa jikoni, mpishi akanilaumu kwa kuharibu kitambaa kizuri.

Nikaenda kwa metroni wetu, mama mtu mzima niliyemheshimu sana. Alinisikiliza, akavua miwani, akauliza, "Sasa wewe ulimfanyia nini?"

"Nilimuuguza, mama."

"Wote tunauguza. Mbona hanifuati mimi?" Akafikiri kidogo. "Nasikia ulikuwa unakunywa naye kikombe kimoja."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuonja! Nilimkumbusha hivyo, akasema ndiyo, lakini kuna kuonja na kuonja. Mpaka leo sijaelewa alimaanisha nini, na nadhani hata yeye hakuelewa. Alitaka tu kosa liwe na mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Daktari wetu alikuwa kijana, kasoma ng'ambo, mpole wa sauti. Aliniweka kitini kama mgonjwa. "Musawo," akasema, kwani Uganda kila mtu wa hospitali ni musawo, na 'anakula' au 'unakula' husemwa 'nakula', "huyu mtu hana shida. Nakula, nalala, nafanya kazi. Ni sisi tulimponya. Sasa tukimshitaki, watu watasema nini juu ya kituo?"

"Hajapona, daktari. Ameacha kuogopa sumu, ameanza kuniwaza mimi. Ugonjwa ni uleule."

"Ni wewe nakuwa na woga tu. Kusimama barabarani si ugonjwa."

Polisi ndio walionimaliza. Yule wa kaunta aliwaita wenzake waje wasikie. "Amekupiga? Hapana. Amekuibia? Hapana. Sasa mimi naandika nini hapa? Mwanaume napenda mwanamke?" Wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Mwingine akanishauri nikubali, mafundi cherehani hawalali njaa. Nilitoka pale, na fundi alikuwa ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, ananingoja nimalize shughuli zangu na polisi.

Kimbilio langu lilikuwa kwa mama. Kwetu ni Busia, upande wa Uganda, ukiacha barabara na kushika kijia cha kuelekea Tiira. Nikipata siku za mapumziko nilipanda basi, na nikishuka Busia tu, katikati ya wale wachuuzi wanaovuka kwenda na kurudi na vikapu vya samaki na sabuni za Kenya, mabega yangu yalikuwa yanalegea. Huko nilikuwa binti wa mtu. Huko hakuwepo.

Jumamosi moja nikafika, nikamkuta shambani mwa mama, anapalilia njugu.

Alikuwa amevua viatu na kuvipanga vizuri kando ya shamba. Mama alikuwa kwenye kivuli cha jiko anapepeta wimbi, uso umechangamka jinsi ambavyo sikuwa nimeuona tangu baba afe. Aliniambia kwa Kisamia chake, kwa sauti ya chini, kwamba kijana wangu ni mchapa kazi, hanywi pombe, anasali, ana mashine yake mwenyewe, na kwa nini nilimficha muda wote huu? Kumbe ilikuwa mara yake ya tatu au ya nne kuja. Alikuwa akija siku ambazo mimi niko kazini.

"Mama, simtaki huyo mtu. Mfukuze."

"Ana kosa gani?"

Hapo ndipo nilipokwama, na ndipo panaponiuma hadi sasa. Tulikuwa tumeapa. Ugonjwa wa mtu hautoki nje ya ukuta, hasa ugonjwa wa akili, kwa sababu ukitoka, mtu hapati mke wala kazi wala jirani wa kumwomba moto. Nilikiamini kiapo kile. Nilikuwa nimewakaripia wasaidizi wa wodi kwa kukivunja. Sasa mgonjwa wangu alikuwa amesimama katika shamba la marehemu baba yangu akiwa amefunikwa na kiapo changu vizuri kabisa, na mimi sikuwa na cha kujifunika.

"Simtaki tu," nikasema.

"Simtaki tu," mama akaniiga, akarudia kupepeta. "Wenzako wote wana watoto. Wewe unalala na vichaa, halafu mtu mzima mwenye akili zake anakuja, unasema simtaki tu."

Mwenye akili zake! Niliondoka kwenda mtoni kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Sasa nieleze jambo la gomesi kwa wasiojua. Ni vazi letu la heshima huku, lile refu lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Mwanamume anayeposa humletea mama wa msichana gomesi. Mama akiipokea, amesikia. Akiivaa mbele za watu, amejibu. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyelijua hilo, na mama yangu alilijua kuliko wengi, maana yeye ndiye aliyeitwa kusimamia posa za wengine.

Sikujua kwamba imeshonwa. Nilifika kanisani kwetu Jumapili nikitokea Tororo, nimechelewa, katekista amekwisha kuanza. Nikamwona mama katika safu ya mbele ya wanawake, amevaa gomesi ya rangi ya ndimu ambayo haikuwa yake. Iling'aa. Ilimkaa mwilini kama aliyezaliwa nayo, na nilijua mara moja ni mikono ya nani. Upande wa wanaume, karibu na baba mdogo wangu, alikaa yeye, na suti na tai. Ibada ilipokwisha wanawake wakapiga vigelegele. Si vya Mungu, vilikuwa vyangu. Katekista akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Shangazi zangu walianza kunivuta mashavu na kuniuliza lini, lini, na mmoja akasema kila siku alijua niko na mtu huko Tororo, najifanya tu.

Nilikasirika kiasi kwamba sikuweza kulia. Nilimtazama mama. Alitazama pembeni, akanyoosha mshipi wake.

Nyumbani tulisemezana maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na mzazi hamwambii mtoto. Nilimwambia ameniuza kwa kitambaa. Akaniambia kitambaa hicho ni cha kwanza kipya tangu baba azikwe, na kwamba amechoka kuulizwa kisimani binti yake ana kasoro gani. Nilimhurumia aliposema hivyo, na nilimchukia kwa kunifanya nimhurumie. Baba mdogo, ambaye sasa ndiye aliyekuwa msemaji wetu, akakata shauri: irudishwe vipi, imekwisha kuvaliwa? Gomesi iliyovaliwa hairudi.

"Itarudi," nikasema.

Niliitoa sandukuni mwenyewe. Mama hakunizuia. Aligeuza uso ukutani, na hakuzungumza nami tena mpaka msimu wa kuvuna. Nilipanda nayo basi, nikashuka Tororo siku ya soko, mchana, watu wamejaa, kwa sababu nilitaka mashahidi. Yeye alikuwa kwenye mashine yake pale barazani, anakanyaga pedeli. Niliiweka gomesi juu ya kazi yake, sindano ikasimama.

"Shika nguo yako," nikasema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, ili Mhindi na wateja wake na wachukuzi wote wasikie. "Sikutaki. Sikukutaka jana, sitakutaka kesho. Usije kwangu, usije kwa mama yangu. Kwetu hakuna mchumba wako."

Yeye aliiinua ile nguo, akaikunja taratibu, mshipi ndani, mabega juu ya mabega, akaiweka kwenye rafu. Kisha akaniangalia kwa huruma. Nasema kwa huruma! "Pole, sista," akasema. "Najua si wewe nasema. Mkubwa wako kule kazini nakukataza. Nitazungumza naye."

Wiki ileile akaanza kusimama kwenye lango la daktari.

Hakufanya lolote. Sijasikia kwamba alirusha jiwe, wala kwamba alitukana. Alisimama asubuhi daktari alipotoka, alikuwepo daktari aliporudi kula, na mara moja alimsalimu mke wa daktari kwa adabu na kumwuliza mumewe anapenda suruali za kipimo gani. Siku ya pili daktari hakuja kazini. Siku ya tatu niliitwa nyumbani kwake.

Kulikuwa na metroni, askari wanne wenye marungu, na lori la kituo limegeuzwa tayari kuelekea barabara ya Kampala. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Daktari alikuwa hajanyoa ndevu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai.

"Huyu mtu ni hatari," akaniambia.

Neno hilo nilikuwa nimelitafuta kwa kila mtu aliyekaa kwenye kiti cha kazi katika mji ule. Na sasa lilikuwa limepatikana, kwa sababu ya siku mbili na mke kuulizwa habari za suruali. Askari mmoja nilimtambua, ndiye aliyejifuta machozi kaunta. Safari hii hakucheka. Alisema wameshajaribu kumkamata alfajiri, akakimbilia kwenye kichaka cha katani nyuma ya nyumba, na sasa amekaa huko, ana mkasi.

"Mkasi ni wa kazi yake," nikasema. "Kila siku anao mfukoni."

"Ni wewe tu nakusikia," daktari akasema. "Sisi hatusikii. Wewe mwite tu, atakuja. Akija, vijana watamshika, unampa sindano, basi. Nampeleka Kampala leoleo."

Nilikataa. Nilisema hapana kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, nikasema tena. Nilimwambia daktari kwamba katika muda wote huo sikumpa mtu yule hata neno moja la kushika, kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yangu ya pekee, na sasa ananitaka nimpe kwa mdomo wangu mwenyewe. Metroni akanisogelea. "Basi hawa wataingia na marungu," akasema. "Unawajua. Watampasua kichwa. Ni mgonjwa wako, mwanangu."

Ni mgonjwa wako! Walipokuwa wakinicheka alikuwa mchumba wangu. Lakini niliwatazama wale askari, nikaona jinsi mmoja alivyolishika rungu, na nikajua metroni hasemi uongo. Nimeona vichwa vya wagonjwa waliokamatwa na polisi, nimevishona. Kwa hiyo nilivuta dawa ndani ya sindano, ile ya kutuliza yenye harufu kali, nikaificha chini ya kitambaa, nikatoka nyuma ya nyumba. Nikamwita kwa jina lake. Sikuwahi kulitamka nje ya wodi.

"Njoo," nikasema.

Akaja anakimbia. Alikuwa amejipangusa vumbi kwenye shati, na alipofika karibu alipunguza mwendo, akajiweka sawa kola, kama mtu anayekwenda kupokelewa ukweni. Mkasi ulikuwa mfukoni, mviringo wa vishikio tu umejichora kwenye kitambaa. Askari walimrukia kutoka nyuma ya pipa la maji. Hakupigana nao. Nilipiga magoti mwenyewe nikamchoma. Shavu lake lilikuwa mchangani, macho yamenikazia.

"Nilijua utaniita," akasema.

Akalala. Wakamfunga kamba ambazo hazikuhitajika tena, wakampakia lorini. Nilimwinua kichwa nikamwekea blanketi chini yake, kwa sababu barabara ile ilikuwa mbaya, na kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yangu. Sikuwa na hasira naye saa ile. Hasira yangu yote ilikuwa imesimama barazani, imeshika kikombe cha chai.

Daktari alikuwa anatabasamu, rangi imemrudia. "Asante sana, musawo. Sasa sote tunapumua."

"Nilikwambia hapana yangu karibu mwaka mzima," nikasema, "nikawaambia polisi, nikamwambia mama, hamkuisikia. Leo nimesema njoo mara moja, mmesikia wote."

Alinitazama vile tulivyofundishwa kumtazama mgonjwa anayeanza kupandisha wazimu. Akasema nimechoka, niende nikalale, nichukue na kesho. Kisha akamwita yule askari aliyejifuta machozi kaunta, akamwagiza akae langoni pake mchana na usiku mpaka habari zitoke Kampala kwamba mtu yule amefika na amefungiwa. Askari akapiga saluti. Mimi nikaosha sindano kwenye bomba la nje, nikaiweka mfukoni, nikarudi nyumbani kwangu kwa miguu, peke yangu.